Sababu ya Upasuaji

"Usishike hapo mwanangu, rangi mbichi!"

Diana alikuwa ameshashika. Uchungu ulipompanda hakungoja kuuliza kama ubao wa varandani umekauka. Aliinama, akaukamata kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu kama alivyoelekezwa, na ulipomwachia akakuta viganja vyote viwili vimekuwa vya bluu. Mama mkwe wake, Alinanuswe, aliyekuwa nyuma yake akimsugua kiuno, alivitazama akaguna.

"Basi mjukuu wangu atapokelewa na fundi rangi," alisema.

Walicheka wote watatu, hata Diana mwenyewe, ingawa chake kilikuwa kicheko cha nusunusu. Nesi Tabita alichovya pamba kwenye spiriti akajaribu kumfuta, rangi ikagoma, akaiacha. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Julai imeishika milima ya kahawa, na wodi ya wazazi ilinuka rangi kuliko dawa.

Ubao ule ulikuwa wa Tabita. Hakuna ofisi iliyouleta. Miaka sita iliyopita alimwomba seremala wa kijijini aupigilie ukutani, usawa wa kiuno, kuanzia mlango wa leba hadi mwisho wa varanda, ili mama mwenye uchungu apate pa kushika anapotembea. Viganja vya wanawake vilikuwa vimeusugua mpaka ukang'aa wenyewe bila vanishi. Jana mchana walikuja vijana na kopo la rangi, hawakuuliza mtu, wakaupaka bluu kwa sababu leo anakuja mgeni rasmi kufungua jengo la upasuaji.

Tabita alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita, na kazi yake kubwa, kama alivyopenda kuwatania wanafunzi wa ukunga, ilikuwa kukaa na kutazama. Hakumlaza mama chali kitandani ilhali ana nguvu za kutembea. Hakumtundikia dripu ya kuongeza uchungu kwa sababu tu zamu inaisha. Hakupasua chupa ya maji ya uzazi kwa haraka zake mwenyewe. Alimwacha mama anywe uji, atembee, achuchumae, apige magoti, aje na mama yake au mkwewe wa kumshika mkono, na kila baada ya nusu saa alitega sikio kwenye kipembe chake cha mbao kusikiliza moyo wa mtoto. Hatari aliijua, na ikijitokeza yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupiga simu kuita gari. Lakini aliitafuta kwa mama aliye mbele yake, si kwenye saa ya ukutani. Wanawake walimjua kwa hilo, wakatoka Hasamba na hata mbali zaidi kuja kujifungulia kwake.

"Mia moja thelathini na nane," alisema sasa, akiinua kichwa kutoka kwenye tumbo la Diana. "Huyu anacheza mpira humu ndani. Na njia imefika sentimita sita. Tembea, mama."

"Bado muda gani, nesi?"

"Mimi sijui. Anayejua yuko tumboni, na hasemi."

Kwenye benchi la mwisho wa varanda alikaa mama mwingine, Imelda, amejifunika sweta ya kiume iliyomvuka magoti. Alikuwa amefika alfajiri kwa miguu kutoka kwenye shamba la kahawa, beseni la nguo za mtoto kichwani. Kwao ni Msangano, kule bondeni kwenye joto. Alikuja milimani na mumewe, Jonasi, kuchuma kahawa ya watu msimu huu. Mimba ilikuwa ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa saa nne tu, akasema mwenyewe kwamba hakupata hata nafasi ya kulia. Leo uchungu ulikuwa bado unakuja kwa kupotea, sentimita tatu, na ndugu hapa hakuwa naye. Jonasi angefika jioni baada ya kupimisha kahawa.

"Na wewe usikae," Tabita alimwambia. "Inuka utembee. Shika ubao, rangi itatoka tu siku moja."

"Haya, mama," alisema Imelda kwa aibu, akainuka.

Mtu asije akadhani Tabita alikuwa adui wa kisu. Yeye ndiye aliyelililia jengo la upasuaji. Mwaka juzi, kwenye mvua za masika, mama mmoja aliyeitwa Marta, ambaye mtoto wake alikuwa amelala mkingamo tumboni, alipakiwa kwenye pikapu kupelekwa hospitali. Gari likazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, na Marta akafia mikononi mwa Tabita chini ya turubai. Tangu siku ile hakukuwa na mkutano wa kijiji, wa kata wala wa kanisa ambao Tabita hakusimama kulisema jambo hilo, mpaka watu wakawa wakimwona anainuka wanajua anachotaka. Hatimaye jengo likasimama. Lina vigae, lina taa kubwa yenye macho saba, lina mashine ya usingizi. Wiki iliyopita aliingia peke yake, akaishika ile meza ya upasuaji kwa kiganja, akalia kwa furaha.

Saa mbili ilikuwa haijafika wakati Tumaini, nesi msaidizi, alipomfuata mbio.

"Mama, dokta anakuita ofisini. Na yule jamaa wa kusimamia sherehe kashafika. Kapiga suti, ananukia mpaka huku."

Daktari Gibson, mganga mfawidhi wa kituo, alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, mpole, mikono yake mizuri kwenye kazi, na Tabita alimpenda kama mdogo wake. Pembeni yake alikaa Bwana Emanueli, afisa aliyetumwa kuhakikisha shughuli inaenda sawa. Mezani palikuwa na bunda la ratiba zilizochapwa kwenye karatasi ya kung'aa.

"Sista, yule mama wa Hasamba, Diana, anaendeleaje?" Gibson aliuliza.

"Vizuri mno. Kichwa kimeshuka, mapigo mazuri, chupa haijapasuka. Huyo mchana anakula ugali, mtoto pembeni."

Gibson hakufurahi. Alitazama meza. Ni Emanueli aliyeichukua ratiba moja akamsogezea.

"Tunataka tu uuweke sawa upande wako, mama. Suala la muda."

Tabita alivaa miwani akasoma. Saa nne, wananchi kuwasili. Saa tano na nusu, kwaya. Saa sita kamili, mgeni rasmi kuwasili. Saa sita na robo, kukata utepe. Saa sita na nusu, mgeni rasmi kumjulia hali Bi. Diana Osea, mama wa kwanza kujifungua kwa upasuaji katika kituo, na kumkabidhi zawadi.

Alirudia mstari ule. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, na jina la Diana na la mumewe, Osea, yalikuwa bado pale pale. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika siku ratiba ilipochapwa: Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu Diana alikuwa nyuma ya jiko, kwenye nyumba wanayokaa akina mama wanaosubiri siku zao, akimenya viazi na kuwasimulia wenzake habari za harusi yake. Uchungu hakuwa nao hata wa kusingizia.

"Nani kaandika hili?"

"Orodha ya nyumba ya kusubiria," Emanueli alijibu bila haya hata chembe. "Tuliangalia nani tarehe zake zinaangukia wiki hii. Huyu kijana, anaongea vizuri, kwenye picha atapendeza."

Katika miaka yake yote ya kazi Tabita alikuwa ameona mengi ya kumkera: nesi anayempiga mama makofi ya mapaja, bwana anayekataa kuja kutoa damu, dawa zinazoisha siku mbili baada ya kuletwa. Kisu kilichopangiwa saa yake kwenye karatasi ya kung'aa, kabla hata uchungu haujaanza, hakuwahi kukiona wala kukisikia.

"Dokta," alimgeukia Gibson. "Huyu mama hana tatizo lolote. Unamfungua tumbo kwa lipi?"

"Mimba ya kwanza. Halafu ni mfupi. Kitabibu hoja inajengeka."

"Ni mfupi kama mama yake aliyezaa saba."

"Sista, nisikilize." Gibson alipandisha macho kwa mara ya kwanza. "Kuna kituo kingine kina jengo na hakina mashine. Imeshasemwa wazi, tusipoonyesha leo kwamba hapa pameanza kazi, mashine ya usingizi inapakiwa inaondoka. Kesho kutwa akija Marta mwingine utampeleka wapi? Kwenye pikapu?"

Lilikuwa pigo la mtu anayejua pa kupiga. Tabita alisikia nje vijana wakigonga nguzo za turubai la sherehe.

"Kwa hiyo tumchane mzima ili tubaki na mashine ya kumwokoa mgonjwa," alisema.

"Upasuaji siku hizi ni kitu cha kawaida," Emanueli aliingilia. "Mke wangu mwenyewe kafanyiwa mara tatu, yuko fiti. Na huyu anapata beseni, doti mbili za vitenge, blanketi la mtoto. Wangapi wanayapata hayo?"

"Mtaalamu wa usingizi ametoka mbali na yuko tayari," alisema Gibson, sauti chini. "Nakupa mpaka saa tano na nusu. Akiwa bado, naingia naye."

"Na akijifungua kabla?"

"Akijifungua, amejifungua. Nitafanyaje?"

Tabita alitoka mle ofisini akiamini ameshinda nusu ya vita, na hilo ndilo lililomponza.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumhamisha Diana. Alimpeleka kule nyuma ya jiko, kwenye nyumba ya kusubiria, ambako njia ina matope na kuku, na mwenye viatu vya kung'aa hawezi kukanyaga. Tumaini alibeba vifaa vya kuzalishia, Alinanuswe akabeba mkeka na chupa ya uji. Hakuwaambia sababu. Alisema kule mbele kuna kelele za spika, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana tangu asubuhi kulikuwa na kijana kazi yake kusema moja mbili, moja mbili, bila kufika tatu.

Walipompita Imelda, alikuwa amesimama ameshika ubao, anayumbisha nyonga pole pole kama alivyofundishwa, uso umetulia.

"Tembea tu hapo hapo mwanangu, varanda yote ni yako sasa," Tabita alimwambia. "Nakuja kukuangalia."

Akaja kweli, mara mbili, akamsikiliza mtoto, akamkuta yuko salama na uchungu wake ni ule ule wa kupotea, akarudi nyuma ya jiko.

Saa tatu Diana alikuwa sentimita saba. Saa nne alikuwa bado saba. Saa nne na nusu Tabita alijikuta ametazama saa ya mkononi mara ya tano, yeye ambaye huwafokea wanafunzi kwa kosa hilo hilo. Mfukoni alikuwa na kichupa cha dawa ya uchungu, kile cha kumchoma mama akishazaa ili damu isizidi. Kikitiwa kwenye dripu sasa hivi, mambo yangekwenda mbio. Au apasue chupa, dakika moja tu. Mkono wake ulishafika kwenye vifaa, ukashika chuma cha kupasulia chupa, ndipo alipouona mkono wenyewe na akashtuka. Alikuwa anataka kumharakisha mtoto wa watu kwa ajili ya mgeni rasmi, sawasawa na wale wa ofisini. Alikirudisha chuma mahali pake, akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu.

"Panda hizo ngazi za jiko, mwanangu," alisema. "Ubavu ubavu. Mguu mmoja juu, pumzika, mwingine. Usiwe na haraka."

Diana alipanda akashuka. Alinanuswe alianza wimbo wa kanisani, wa taratibu, na kila ubeti ulipoisha alimfuta mkwewe jasho. Ilipokaribia saa tano Diana alipiga magoti akaegemeza kichwa kwenye kifua cha Tabita.

"Nesi, nimechoka. Nipasueni tu basi, yaishe."

Tabita aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nani kakwambia mambo ya kupasuliwa?"

"Hakuna. Nasema tu. Siwezi tena."

"Ah." Akashusha pumzi, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Ukifika mahali pa kusema huwezi, ujue umefika. Sikudanganyi. Chuchumaa."

Chupa ilipasuka yenyewe saa tano na robo. Diana alichuchumaa, akamkumbatia mama mkwe wake shingoni kwa ile mikono ya bluu, na Tabita akapiga magoti mbele yake. Kichwa kilijitokeza, kikarudi, kikajitokeza tena. "Usisukume sasa. Puliza, kama unapoza uji. Puliza, puliza." Mtoto alitoka saa tano na dakika ishirini na mbili, wa kike, analia kabla hata miguu haijatoka. Diana hakuchanika, hakushonwa popote. Tabita alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, akasubiri kitovu kiache kupiga ndipo akakifunga, akachoma ile sindano ya kuzuia damu, akapokea kondo la nyuma likiwa zima. Alipoinuka alimwona Alinanuswe ana alama za vidole vya bluu shingo nzima.

"Ndaga, nesi. Ndaga fijo," bibi huyo alikuwa akirudia kushukuru kwa lugha ya kwao, machozi yanamtiririka. "Mungu akupe miaka."

Tabita alikaa nao mpaka mtoto akashika titi na damu ikatulia. Kisha alimwachia Tumaini uangalizi, akanawa, akachukua kitabu cha MTUHA, kile kikubwa cha kumbukumbu za wodi ya wazazi, aende kumwonyesha Gibson. Kurasa za kitabu kile zimepigwa namba kwa mhuri, moja hadi ya mwisho. Ukichana hata ukurasa mmoja utaandika barua za maelezo mpaka ustaafu. Aliandika mstari wa Diana akiwa anatembea: kawaida, amechuchumaa, mama na mtoto wazima. Alijisikia kuimba.

Uwanja wa mbele ulishajaa watu, kwaya imesimama mstari. Varanda ilikuwa tupu. Beseni la Imelda lilikuwa juu ya benchi na nguo za mtoto zimekunjwa ndani yake. Tabita alidhani ameenda chooni, akaenda kuchungulia, hakumwona. Alipogeuka ndipo alipoviona viatu. Vilikuwa mbele ya mlango wa jengo jipya, kwenye ule mstari mwekundu wa mwisho wa kuvaa viatu vya nje: kandambili za Imelda, moja ya kijani, nyingine ya njano, zimepangwa vizuri na mtu mwenye heshima zake.

Msichana mmoja mwenye skafu alikuwa akigawa ratiba kwa wageni. Tabita alimnyang'anya moja. Kwenye mstari wa saa sita na nusu jina la Diana Osea lilikuwa limepigwa mstari kwa kalamu, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na wasiwasi, imeandikwa Imelda Jonasi. Alichukua nyingine. Vile vile. Akalichukua bunda lote mkononi mwa msichana, akafunua moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo. Mtu alikuwa ameketi kwenye kiti, akalifuta jina la mwanamke mmoja na kuandika la mwingine mara mia moja au zaidi.

Aligonga mlango kwa ngumi. Ukafunguka upenyo, akaonekana nesi mgeni mwenye barakoa.

"Tumeshaanza, sista. Huwezi kuingia hivyo."

"Ana nini? Huyo mama ana nini? Nimempima mwenyewe asubuhi hii, ana nini?"

"Mimi nimeitwa kusaidia tu."

Mlango ukafungwa. Kabla hajaugonga tena, mtoto alilia ndani. Kilikuwa kilio cha nguvu, cha mapafu mazima, na mtu fulani aliyekuwa akisubiri ishara hiyo alipunga mkono, kwaya ikalipuka, wanawake wakapiga vigelegele. Tabita alisimama kwenye mstari mwekundu, kitabu kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusikia mtoto mzima akilia na asifurahi. Akakaa chini pale pale kando ya zile kandambili.

Mgeni rasmi hakufika saa sita. Alikuwa amelala Tunduma, na foleni ya malori ya mpakani ilimshika mpaka akaingia kituoni saa nane na dakika kumi. Alikata utepe. Alikuwa mtu wa heshima, alimpa Imelda pole kwa sauti ya upole, na Imelda akamwamkia shikamoo akiwa amelala, kiuno chake bado kimekufa ganzi. Wakapiga picha na beseni. Kwenye hotuba alisema kwamba kuanzia leo hakuna mama wa milima hii atakayekufa njiani, watu wakapiga makofi, na Tabita naye akapiga, kwa sababu maneno yale alikuwa ameyangoja tangu siku ya Marta, na mikono yake ilitangulia kabla hajaizuia. Aliona aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kwenye pilau, Alinanuswe alimfuata, ratiba mkononi.

"Nesi, eti lile beseni lilikuwa letu? Jina la Diana liko hapa, limekatwa."

Tabita alimtazama. Alama za vidole zilikuwa bado shingoni mwake.

"Na vitenge doti mbili," bibi aliendelea, nusu utani, nusu si utani. "Ungemwambia tu asubiri kidogo."

Alinanuswe hakuwa mtu mbaya. Alijua kuna beseni limepita karibu naye, na hakuna aliyemwambia linalipiwa kwa kitu gani.

Saa kumi aliingia kumwona Imelda. Mtoto, wa kiume, alikuwa amelala ubavuni mwake ndani ya blanketi jipya. Viganja vya Imelda vilikuwa vya bluu kuliko hata vya Diana, mpaka kwenye vifundo, kwa namna alivyoushika ubao ule asubuhi nzima. Kwenye dole gumba la kulia, juu ya bluu, kulikuwa na wino wa zambarau wa kuwekea sahihi.

"Walisemaje, mwanangu?"

"Yule baba wa suti alisema mtoto amechoka, nikichelewa namkosa. Dokta alikuwepo, akanyamaza. Nikaweka dole." Aliongea taratibu, anaogopa kuvuta tumbo. "Lakini mama, mimi nilikuwa namsikia anacheza. Amechoka vipi?"

Tabita alilishika shuka.

"Nilitembea kama ulivyoniambia," Imelda alisema. "Sikukaa hata mara moja. Au ndiyo nilitembea sana?"

"Hapana, mwanangu. Hukukosea. Hukukosea kitu chochote."

"Kikapu cha kahawa nitabeba lini?"

"Usinyanyue kitu kizito mpaka miezi mitatu."

Imelda alihesabu kimoyomoyo, macho juu ya dari. "Msimu utakuwa umeisha," alisema.

"Na ukipata mimba nyingine usije ukazalia nyumbani. Una kovu ndani sasa, linaweza kuachia. Uwahi hospitali yenye jengo kama hili."

"Kwetu Msangano iko mbali, mama."

"Najua."

Gibson alimkuta Tabita ofisi ya manesi. Alikuwa amevua koti, shati limemgandia mgongoni. Alikuwa ameshakichukua kitabu cha MTUHA na kuweka sahihi yake mwisho wa mstari wa Imelda, kama afanyavyo kila mara akiwaachia wakunga wajaze yaliyobaki. Safu moja katikati ilikuwa nyeupe: sababu ya upasuaji.

"Nimalizie hapo, sista. Andika uchungu pingamizi, kwamba mtoto alikwama njiani."

"Alikuwa sentimita tatu."

"Naomba." Alimsogezea kitabu. "Mashine imebaki. Mgeni rasmi ametamka mbele ya watu wote, umemsikia. Imebaki hapa."

"Ulinyamaza, dokta. Amesema ulikuwepo ukanyamaza."

Gibson alichukua koti lake. Nje Emanueli alimwita, wageni wanaaga. Alitoka bila kugeuka nyuma.

Tabita alivuta kiti. Alijua likiandikwa lile neno, basi asubuhi nzima ya leo haikuwahi kutokea. Imelda atakuwa mwanamke ambaye mwili wake ulishindwa, na atatembea na habari hiyo mpaka kaburini. Alijua pia uhamisho hutoka kwa barua ya mistari minne. Alivaa miwani, akainamia safu ile, akaandika pole pole, kwa herufi kubwa, ili hata mkaguzi mwenye haraka asiipite: MAMA MZIMA, MTOTO MZIMA. MGENI RASMI ALITARAJIWA SAA SITA.

Mwisho wa mstari, sahihi ya daktari ilikuwa imeshakauka.